Kizimba Kilichomalizika kwa Siku Mbili

Ndugu zangu mlio na nyumba na watoto, wa kuzaa au wa kulea, nawaomba mtulie kidogo. Nataka kuwaeleza yaliyowapata kina Haskett, wale wa nyumba nyeupe nyuma ya kanisa, hapa hapa kwetu Fenwick. Siwasemi ili wachekwe. Nawasema kwa sababu nyumba nyingi za mtaa huu zina ugonjwa ule ule, ila kwao ulitokea ukaonekana.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Septemba, jua la Ohio limelainika, madirisha wazi. Bi. Lorna Haskett alikuwa jikoni akimenya matufaha ya kutengeneza pai. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi kwa mwanawe Duane, na siku kama hiyo humshukuru Mungu kwa sauti ya chini huku kisu kikizunguka tunda. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mjukuu wake Callie, wa miaka kumi, amekumbatia kopo la plastiki la aiskrimu.

"Bibi, usishtuke."

"Ukianza hivyo nishashtuka tayari. Una nini humo?"

"Mtoto mzuri sana. Ana haya tu."

"Sijawahi kuona mtoto mwenye haya akitobolewa matundu kwenye mfuniko."

Duane alikuwa nyuma ya binti yake, anacheka. "Ni chatu, Mama. Yule mdogo. Tumetoka naye kwenye soko la wanyama watambaao."

Hakuwa yule chatu wa kumeza mbuzi. Alikuwa yule mfupi mnene wanayemwita chatu-mpira, kwao hasa Afrika Magharibi, ambaye watu wa huku humfuga ndani kama wengine wanavyofuga sungura. Akiogopa hang'ati. Hujikunja mviringo kama mpira, kichwa akakificha katikati. Ndivyo alivyokuwa siku hiyo, kama ngumi ya mtoto, kahawia na manjano, rangi ya biskuti iliyosahaulika kidogo kwenye oveni. Callie akamwita Biskuti.

Bi. Lorna hakumgusa. Alisema tu kwamba hata huyo kaumbwa, na akaendelea kumenya, kiti kimesogezwa mbali.

Sasa mfahamu hali ya nyumba ile. Duane na mkewe Renee walikuwa wameachana, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Mahakama iliamua mtoto akae na mama yake mjini, na aje kwa baba kila wikendi ya pili. Nyumba ya Renee ni ya kupanga na hairuhusu mnyama. Kwa hiyo Biskuti angebaki kwa baba, na mtoto angekuwa mgeni wake siku mbili kati ya kumi na nne. Hizo nyingine zote, uhai wa yule kiumbe ulikuwa mikononi mwa Duane, na Callie alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Duane ni fundi wa makabati ya jikoni. Mnamjua. Makabati yake yamo katika nusu ya nyumba za wilaya hii, droo zake hujifunga zenyewe taratibu kama mlango wa benki. Ila jikoni kwake droo tatu hazikuwa na vishikio, na mama yake alizifungua kwa ncha ya kijiko. Kitanda chenye droo alichomwahidi Callie tangu akiwa na miaka saba kilikuwa bado mbao tu karakanani.

Alasiri ile mtoto alichukua karatasi ya miraba akachora nyumba ya Biskuti. Futi nne kwa mbili. Upande mmoja wa joto, mwingine wa ubaridi, na pango dogo la kujificha kila upande, ili chatu asilazimike kuchagua kati ya kupata joto na kujisikia salama. Taa ya joto juu, imezungushiwa wavu. Kidhibiti joto ukutani. Chini, maganda ya nazi ya kutunza unyevu, bakuli la maji, tawi, mlango wa kioo wenye kufuli. Chini kabisa akaandika: Fundi, Baba. Msaidizi, Callie. Wakaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la stroberi.

"Utaijenga lini?" Callie akauliza.

"Wiki mbili. Ukirudi utaikuta."

"Wiki mbili za watu au wiki mbili zako?"

Wakacheka wote watatu. Bi. Lorna alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Baadaye alikuja kujuta kicheko kile, maana mtoto aliuliza swali la kweli na watu wazima wakalipokea kama mzaha.

Kwa muda, Biskuti akawekwa ndani ya tangi la kioo lililokuwa la samaki, kwenye kona ya chumba cha kulia. Chini ya kioo Duane akabandika mkeka wa umeme wa kutoa joto. Aliyeuza alimwambia usiuwashe bila kidhibiti. Duane akasema kidhibiti atakifunga kwenye nyumba yenyewe, hii ni ya muda tu. Ndani kukawa na gazeti, bakuli la maji na chombo kimoja cha udongo kilichogeuzwa. Ukutani mwa kioo, shibiri moja juu ya sakafu, akabandika kipimajoto cha mviringo chenye mshale. Mshale ukasimama kwenye rangi ya kijani.

"Unaona, Mama? Kijani. Kijani ni salama."

Panya wa kumlisha, waliogandishwa tayari, walikaa kwenye friza kando ya njegere za Bi. Lorna, na kuna Jumapili alikaribia kumwandalia mchungaji vitu visivyostahili. Hilo walilicheka pia. Nawaambia haya ili mjue kwamba haikuwa nyumba ya watu wabaya.

Wiki mbili zikapita. Callie alipokuja, nyumba ya Biskuti haikuwapo. Duane alikuwa na makabati ya daktari wa meno ya kumaliza. Wiki mbili nyingine zikapita. Safari hii mbao zilikuwapo, zimeegeshwa ukutani karakanani, hazijaguswa na msumeno.

"Mbao si zimefika?" Duane akasema. "Hiyo ndiyo kazi kubwa, kuchagua mbao."

"Baba, amekataa kula mara mbili."

"Wote huacha kula baridi ikianza. Waulize wafugaji wenzetu kwenye mtandao, kila mmoja atakwambia. Kuna aliyekaa miezi mitano hajala na mzima kama mimi."

Alisema kweli. Chatu-mpira hufunga kula msimu wa baridi, hata aliyetunzwa vizuri. Lakini huyu alikuwa na sababu nyingine, na ule ukweli wa jumla ukawa kama pazia mbele yake.

Kila Jumatano jioni Callie alipiga simu. Bi. Lorna aliyasikia mazungumzo upande mmoja, na upande huo haukubadilika.

"Mzima. Ametulia tu. Hapo hapo kwenye joto lake, analipenda. Nyumba? Wiki hii. Wiki hii hii, mwanangu."

Novemba ikaja na upepo. Watu wote wa Fenwick walitaka jiko jipya kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwisho wa mwezi, ili bata mzinga aingie kwenye oveni inayong'aa. Duane akaomba wikendi moja ya Callie iahirishwe. Iliyofuata iliangukia sikukuu yenyewe, ambayo ilikuwa zamu ya Renee. Mtoto akakaa zaidi ya mwezi bila kukanyaga nyumba ile.

Mchana Duane alipunguza joto la nyumba, na kona ile ya chumba cha kulia ilipenywa na baridi kutoka dirishani. Bi. Lorna, aliyevaa sweta mbili, alimwona Biskuti amelala mahali pale pale, juu ya mkeka, siku baada ya siku. Kisha siku moja akamwona amejitumbukiza mwili mzima ndani ya bakuli la maji, pua tu ndiyo iko nje. Akakaa humo siku tatu. Kwenye gazeti, alipokuwa amelala, kulikuwa na alama ya majimaji ya kahawia.

"Duane, huyu mdudu wako yumo majini tangu juzi."

"Anaoga, Mama."

"Siku tatu?"

Duane akainama, akatazama kipimajoto. "Kijani," akasema, akachukua funguo za gari.

Bi. Lorna akafungua mdomo, kisha akaufunga. Hapa nataka mmwelewe. Siku Renee alipokuwa akifungasha vitu vyake alimgeukia akamwambia, "Mama, hujawahi kunyamaza siku moja ndani ya nyumba hii." Neno lile lilimwingia kama mwiba. Akaweka nadhiri kwamba hatakuwa tena mama wa kuingilia. Akayaweka mambo yote katika maombi. Alimwombea mwanawe, akamwombea mjukuu, hata yule nyoka akamtaja. Lakini alichokiona kwa macho yake hakukisema mara ya pili, na kuweka mkono kwenye kioo hakuweka, kwa sababu aliogopa.

Jumamosi ya pili ya Desemba Callie akafika. Hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaingiza mikono, akamwinua Biskuti na kumgeuza taratibu.

Magamba ya tumboni, ambayo kwa chatu mzima ni meupe kama maziwa, yalikuwa ya kahawia na mengine yameng'oka. Chini yake nyama ilikuwa mbichi na yenye usaha.

Callie hakupiga kelele. "Bibi, weka mkono hapa."

"Wapi?"

"Sakafuni. Alipokuwa amelala."

Bi. Lorna akaweka mkono, akauondoa papo hapo kama mtu aliyegusa sufuria.

Mtoto akakibandua kile kipimajoto kutoka ukutani. Akakilaza sakafuni. Mshale ukaanza kupanda. Ukatoka kwenye kijani, ukavuka njano, ukaingia kwenye nyekundu, ukaenda mpaka ukagota mwisho na kutulia hapo.

Duane alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Lakini kilikuwa kijani," akasema. "Kila siku nakitazama. Kijani."

"Ulikuwa unapima ukuta, Baba."

Wakampeleka kwa daktari papo hapo.

Daktari wa wanyama, Bi. Pruitt, ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimtazama Biskuti chini ya taa, akamsafisha, akamdunga sindano. Duane akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika, "Sasa kama palimuunguza, kwa nini hakuondoka? Alipapenda. Nilimwona alipapenda."

"Hakupapenda," daktari akasema. "Huyu akisikia baridi mgongoni hulifuata joto popote lilipo, hata kama linampika tumbo. Kule kwingine kote mlimwachia baridi. Hakuwa na pengine pa kwenda." Kisha akamgeukia Callie, maana aliona nani mwenye mnyama. "Uchafu umeingia ndani ya damu. Nitajaribu, na wewe usinidai ahadi. Anahitaji nyumba ya kweli, leo si kesho."

Basi Duane akaingia karakanani. Jumamosi ile na Jumapili yake hakupokea simu ya mteja hata mmoja. Aliichukua karatasi kwenye friji akaifuata mraba kwa mraba. Futi nne kwa mbili, mapango mawili, taa ndani ya wavu, kidhibiti joto, vipimajoto vitatu, kimoja sakafuni. Viungo vya mbao vilikaa hata ukucha usipite. Mlango wa kioo ulijifunga taratibu wenyewe. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na Callie alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akimpa skrubu moja moja.

Walipoibeba kuiingiza ndani Jumapili alasiri, mtoto akasema, "Kumbe ni siku mbili."

Duane akatua upande wake. "Nini?"

"Ilikuwa kazi ya siku mbili tu."

Akaondoka na mama yake saa kumi na moja jioni. Kabla ya kupanda gari alimwonyesha bibi yake dawa, pamba na jinsi ya kumshika: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya mkia, bila kumning'iniza.

"Bibi, unaogopa, najua."

"Naogopa. Nitafanya."

Akafanya. Kila asubuhi na kila jioni yule mama mzee, ambaye hajawahi kushika hata mnyoo wa bustanini, alimtoa Biskuti, akamlaza kwenye taulo juu ya mapaja yake na kumpaka dawa. Akagundua kwamba ngozi ya nyoka haina utelezi, ni kavu na laini kama mkoba wa zamani. Akagundua pia kwamba anayeumwa ni anayeumwa tu, awe na miguu au asiwe nayo. Siku ya nne Biskuti aliinua kichwa akautazama mkono wake, ulimi ukatoka ukarudi. Bi. Lorna akapiga simu mjini kumwambia Callie, naye Callie akacheka kwa mara ya kwanza.

Siku ya kumi na moja, baada ya sala ya asubuhi, alimkuta ndani ya pango la upande wa ubaridi. Hilo ndilo pango alilokuwa amenyimwa miezi mitatu. Alikuwa amejikunja kama mpira, kichwa katikati. Bi. Lorna alipomwinua, mpira ulifunguka wenyewe, ukaning'inia.

Duane alikuja akasimama, akatazama muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo, ndugu zangu, linaniuma kuliko kifo chenyewe.

"Mama, tusimwambie. Lile soko lipo Jumamosi. Nitampata mwingine, wa umri huu huu, mabaka haya haya. Nyumba tayari ipo. Mtoto hatajua."

"Unataka kumbadilishia."

"Nataka asiumie. Ni Krismasi, Mama."

Bi. Lorna alikuwa bado ameketi na Biskuti juu ya aproni yake. Nadhiri ya kunyamaza aliikumbuka, akaiweka kando.

"Sikiliza, Duane. Mimi niliona maji ya kahawia kwenye gazeti mwezi uliopita. Nilikwambia mara moja nikanyamaza, nikajiita mcha Mungu. Dhambi yangu ninayo na nitaibeba. Lakini hii ya leo sitakusaidia kuibeba. Ukimletea mwingine, nitamwambia mimi mwenyewe, mezani, mbele yako."

"Unanihukumu."

"Nakuambia piga simu. Mtoto alikukabidhi kitu kimoja tu."

Akapiga. Bi. Lorna aliisikia sauti ya mwanawe ikikatika katikati ya jina la binti yake. Callie alijibu maneno machache, na Duane aliyarudia baadaye kwa mama yake, ameketi kwenye ngazi, simu mkononi: "Amesema alikuwa anajua. Amesema nilivyokuwa nikijibu 'mzima', nilijibu haraka mno."

Hakuja wikendi ile, wala iliyofuata. Renee alisema hatamlazimisha. Walimzika Biskuti wao wawili, mama na mwana, karibu na waridi, ardhi ngumu kwa barafu.

Callie alirudi wakati wa Pasaka, na alisema wazi kwamba amekuja kumwona bibi. Alikuwa amerefuka. Alimbusu baba yake shavuni, akala nyama ya kuoka, akasaidia kuosha vyombo. Karatasi ya miraba aliitoa kwenye friji, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni, na sumaku ya stroberi akairudisha pale pale, haishiki kitu.

Mezani Duane alikohoa. Tangu Desemba alikuwa amefunga vishikio kwenye droo zote tatu, na kile kitanda chenye droo kilikuwa kimekamilika ghorofani, kimetandikwa. Lakini urefu wake ulikuwa wa mtoto wa miaka saba. Akasema, "Kiangazi hiki nitakupeleka ziwani, Callie. Wiki nzima. Mimi na wewe."

Bi. Lorna akangoja. Alingoja lile swali la zamani, wiki za watu au wiki zako. Alilitamani kama mtu anavyotamani mvua.

"Sawa, Baba," Callie akasema, kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mchuuzi mlangoni, akaomba apitishiwe viazi.

Kile kizimba cha Biskuti kingalipo katika chumba cha kulia. Ni kitupu. Duane hukiwasha asubuhi akienda kazini, na akirudi hupitia kipimajoto kimoja kimoja, cha juu, cha kati na cha sakafuni, akivisoma vyote vitatu.

Funzo

Ndugu zangu, kabla hujaleta kiumbe nyumbani, jenga kwanza mahali pake. Usimlete ndipo uanze kutafuta mbao. Mungu ametupa wanyama wawe chini ya mikono yetu, na aliye chini ya mkono wako hawezi kuhama ukimkosea. Atakaa pale pale akiungua, nawe utasema ametulia.

Wazazi, mtoto haombi mambo makubwa. Huomba kazi ya siku mbili. Ukiiahirisha miezi mitatu utaweza kuimaliza bado, tena vizuri, lakini yule uliyekuwa unamjengea hatakuwa amebaki kukungoja. Na usipime hali ya nyumba yako mahali ambapo ni rahisi kusoma. Neno "mzima" la kwenye simu ni kipimajoto cha ukutani. Inama, weka mkono sakafuni.

Nanyi mama zangu na dada zangu mnaosali, wajane kama mimi, mnaoona mengi mkiwa mmekaa pembeni: salini, ila mkiisha kusema amina, semeni na mliyoyaona. Mara ya pili na ya tatu pia, hata wakiwaita wasumbufu. Bi. Lorna angetoa chochote leo aitwe msumbufu.

Na kama kuna mtoto nyumbani mwako ambaye bado anakuuliza "lini", mshukuru Mungu kwa swali hilo, uvae viatu uende ukaanze. Siku atakayokujibu "sawa" bila kuuliza, utakuwa umechelewa.